Miti ya Ntiro ina watu

Ingia sebule yoyote ya mjini, iwe ya Mbagala, ya Majengo kule Moshi au ya Buruburu kule Nairobi, uangalie ukuta ulio juu ya kochi. Karibu na saa na picha ya harusi, mara nyingi utakuta mandhari iliyochapishwa kiwandani: maporomoko ya maji yasiyo na jina, ziwa la buluu, milima yenye theluji, na miti iliyogeuka majani mekundu kwa majira ambayo kwetu hayapo. Machinga huzitembeza zikiwa tayari ndani ya fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Nimeziona saluni, nimeziona mapokezi ya zahanati, nimeziona kwenye ofisi za serikali za mitaa. Na katika zote hizo kuna upungufu ambao sijasikia mtu akiuulizia. Hamna watu. Kijia kimechorwa lakini hakuna apitaye. Nyumba ipo lakini hakuna aliyeketi barazani. Miti imesimama, na hakuna hata mtoto mmoja anayeangua matunda yake.

Msimamo wangu nautaja mapema. Picha tunazotundika zinatufundisha namna ya kuutazama mti, na hizi zinatufundisha vibaya. Zinatuzoesha kuamini kwamba mti ni pambo la mbali, halina mwenyewe wala halimhusu mtu. Mtu aliyekua na mazoea hayo hataona uchungu siku mwembe wa mtaa wake unapoangushwa. Na haya yanatokea wakati tunao wachoraji wetu wenyewe walioutazama mti kwa jicho jingine kabisa. Wa kwanza wao, kwa maoni yangu, ni Sam Ntiro. Nasikitika kila ninapolitaja jina hili mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne na kuona nyuso zao hazibadiliki.

Mtoto wa Machame

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisomea uchoraji katika Chuo cha Makerere, Kampala, kwa Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanzisha ufundishaji wa sanaa pale mwaka 1937. Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio, kisha anawaacha wachore kile walichokiona kichwani. Ntiro alipofumba macho aliiona Machame, na hakuacha kuiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade. Wengi waliopita njia hiyo walirudi na mikono ya kigeni. Yeye alirudi akichora migomba ile ile, vilima vile vile, na watu wale wale wanaopanda na kushuka na mizigo kichwani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, huyu mchoraji ndiye aliyepelekwa London kuiwakilisha nchi kama balozi. Nadhani inafaa tutulie kidogo hapa. Taifa jipya, maskini wa wasomi, lilipotafuta mtu wa kukaa katika jiji la waliokuwa watawala wake, lilimchagua mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi wanakijiji wanavyovuna kahawa. Baadaye alikuwa kiongozi wa masuala ya utamaduni serikalini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alifariki mwaka 1993.

Ukizikuta picha zake, jambo la kwanza litakalokushika ni wingi wa kijani. Ntiro huchora kana kwamba amesimama juu ya kilima cha jirani, anatazama bondeni. Miti imejaa hadi ukingoni mwa picha. Halafu, jicho likishazoea, watu wanaanza kujitokeza: mmoja anakata, wawili wanabeba, wengine wameinama, kundi linapita kijiani. Ni wadogo, na nyuso zao hazina maelezo mengi. Huwezi kusema huyu ni fulani. Lakini kila mmoja ana jambo analolifanya, na jambo hilo analifanya pamoja na wengine, chini ya miti inayowahusu. Ukijaribu kuwaondoa watu hao, kilima kinabaki bila sababu. Ukiiondoa miti, watu wanabaki hawana mahali pa kusimama.

Pombe iliyotoka mgombani

Picha yake inayojulikana zaidi duniani haiko Moshi, wala Dar es Salaam, wala Kampala. Iko New York, katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, ambayo iliipata mwaka 1960. Aliichora mwaka 1956, na inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Si picha kubwa. Ingetosha vizuri tu juu ya kabati la vyombo la nyumba ya kawaida.

Mtalii wa New York anaiona safu ya watu gizani na anaona uzuri. Mtu wa Kilimanjaro anaona zaidi. Anajua kwamba kilichomo kwenye vyombo vile ni mbege, na anajua mbege inatoka wapi. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa gome la msesewa ili upate ule uchungu wake. Hesabu basi kilichoingia humo: mgomba, ulezi, gome la mti. Hesabu na mikono: aliyekata mikungu, aliyemenya, aliyechochea moto, aliyetwanga kimea, waliobeba. Mahari inayotembea usiku ule ni shamba zima la ukoo limegeuzwa kinywaji, linapelekwa kwa ukoo mwingine ili watu wawili waoane. Ni kwa njia ya mti koo mbili zinafahamiana. Ntiro hakuhitaji kuandika maneno hayo popote. Alichora watu wanatembea.

Nyuma ya picha kama hiyo kuna kihamba, yaani shamba la ukoo, na bila kukielewa kihamba huwezi kumwelewa Ntiro. Kihamba cha Mchaga si bustani na si msitu. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa, inayokata jua kali. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe wako zizini, wanakula mabua ya mgomba na majani yaliyobebwa na akina mama kutoka tambarare. Samadi yao inarudi mgombani. Maji yanashuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu na kusafishwa kwa zamu. Na humo humo, chini ya migomba, ndimo wamelala waliotangulia. Ndiyo maana kila Desemba mabasi ya Moshi yanajaa watu ambao mwaka mzima wamejenga maisha yao Dar, Mwanza au Arusha. Wanakwenda kwa wazee walio hai, na wanakwenda kwa walio chini ya migomba.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua Shimbwe Juu, kijiji cha mlimani huko, kuwa mojawapo ya urithi muhimu wa kilimo duniani kwa sababu ya kihamba. Nimefurahi, lakini kuna jambo linanisumbua. Wataalamu walikuja na kuona aina za mimea na jinsi zinavyopangana. Mchoraji wa Machame alikuwa ameshaona hayo zaidi ya nusu karne kabla, na aliona kitu kimoja cha ziada: kwamba ule mpangilio unashikiliwa na uhusiano wa watu. Mfereji hukauka siku majirani wanapoacha kusalimiana.

Je, Ntiro alitupamba?

Wapo watakaosema kwamba picha hizi ni tamu mno. Katika picha za Ntiro hakuna ndugu wawili wanaoshikiana mapanga kwa sababu ya mpaka. Hakuna mjane anayeambiwa na mashemeji afungashe baada tu ya matanga. Hakuna binti aliyebeba majani ya ng'ombe utoto wake wote, kisha siku ya kugawana anaambiwa yeye hana fungu kwa kuwa ataolewa. Na kihamba chenyewe, kwa desturi ya kugawiwa wana, kimekatwa na kukatwa tena hadi wengine wamebaki na kipande kisichotosha hata kaburi na nyumba. Kahawa imeng'olewa, mringaringa umepasuliwa mbao, na ukuta wa tofali umepanda palipokuwa na ua wa mmea wa isale.

Lawama hiyo ni nzito, nami siipuuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kumiliki ardhi, na bado kuna mabaraza ya ukoo yanayokaa kana kwamba sheria hiyo haijaandikwa. Kama mtu atatumia picha za Ntiro kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa, atakuwa anazitumia kuwanyamazisha wanawake, na huo ni uovu.

Lakini mimi sizisomi hivyo. Mchoraji anayeonyesha watu wakifanya kazi pamoja hasemi kwamba hawagombani. Anaonyesha kinachopotea wakigombana. Wachaga wenyewe walilijua hilo, na ndiyo maana walilipa isale kazi mbili. Mmea huo huo unaopandwa mpakani, kuonyesha hapa ni kwangu na pale ni kwako, jani lake ndilo linalopelekwa kwa uliyemkosea kuomba msamaha, na ni aibu kubwa mtu kulikataa. Utengano na upatanisho vimewekwa katika mmea mmoja! Ukichora kilima chenye masale umeshachora ugomvi na dawa yake. Sasa tunapong'oa isale na kujenga ukuta wenye vipande vya chupa juu, mpaka tumeubakiza. Jani la kuombea radhi tutalichuma wapi?

Hakuwa peke yake

Ntiro ninampa nafasi kubwa kwa sababu kwake jambo hili liko wazi kuliko kwa wengine, ila wenzake walikuwepo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwenye mlima huo huo, naye wa Makerere, alipewa kuta za kanisa la Mtakatifu James huko Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 alichora humo michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu, na akayaweka maisha hayo yote katika vilima na miti ya nchi ya Wakikuyu. Fikiria mama aliyepoteza mume katika vita vile, ameketi kwenye benchi, anainua macho na kuona mateso ya Bwana wake yakitokea kwenye mteremko anaolima yeye. Miti ya kwao imekuwa shahidi wa msiba wake. Mandhari ya kiwandani itamfanyia nini mama huyo? Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na kwa miaka mingi aliwahimiza wanafunzi waache kuiga.

Kwa wachongaji wa Kimakonde, mti na watu viliungana hadi vikawa kitu kimoja. Kinyago cha ujamaa, ambacho Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa sana kama mwanzilishi wake, ni gogo moja la mpingo lililochongwa watu wanaobebana, wazee, watoto, mama, hadi juu. Huwezi kumtoa mmoja bila kuvunja wote.

Na Tingatinga? Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya ubao mgumu, na kufikia mwaka 1972 alikuwa amekwisha kufa, akipigwa risasi na polisi kwa bahati mbaya. Aliacha njia ya uchoraji inayolisha familia nyingi hadi leo. Ninaiheshimu mno. Ninachosema ni kwamba mnunuzi mkubwa wa picha hizo amekuwa mgeni anayepanda ndege, na mgeni anataka tembo, twiga na mbuyu. Basi mbuyu unachorwa maelfu kwa maelfu, na chini yake anasimama twiga. Bibi aliyekuwa akiokota ubuyu pale hayupo. Mchoraji hana kosa, watoto wake wanataka ada. Kosa ni letu sisi tusionunua, maana mcheza kwao hutunzwa, na sisi hatujamtunza.

Mti usio na mtu hufa

Kila tarehe 1 Aprili Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Viongozi hufika, mashimo yamekwisha chimbwa, picha zinapigwa. Pita pale Julai, kiangazi kimekolea, utazame vijiti vilivyobaki. Miche mingi hufa kwa sababu haina mtu. Hakuna aliyeambiwa huu ni wako, umwagilie. Zamani mtoto alipozaliwa kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba au mti, na mti ule ukawa na jina, ukawa na mama wa kuutazama. Leo mti ni sehemu ya mazingira, na mazingira ni suala la semina.

Gharama yake inalipwa na kaya za kawaida. Nyumba ya bati bila mti uani ni tanuri kuanzia saa sita mchana. Anayeumia ni mtoto mchanga na bibi mwenye presha, na bili ya umeme ya feni inampandia baba. Mwembe wa mtaa ukikatwa, mama lishe anahama na wateja wanapotea. Mafundi wa viatu wanahamia ukingo wa barabara, kwenye vumbi na hatari ya magari. Hata msiba umekuwa ghali. Zamani waombolezaji waliketi chini ya mti wa jirani, nani angewafukuza? Siku hizi familia iliyofiwa, kabla ya kununua sanda au jeneza, inatafuta pesa za kukodi maturubai na viti. Kivuli ambacho babu alikipanda bure sasa kina risiti.

Naamini mambo haya yana uhusiano na ukuta wa sebule. Mwambie mtoto wa darasa la tatu achore mti. Wengi watakuchorea duara la kijani juu ya mstari wa kahawia, matunda mekundu yanayofanana na matofaa, nyumba yenye bomba la moshi pembeni, milima miwili yenye ncha na jua katikati. Mtoto huyu asubuhi amepita chini ya mti wa mkungu, ameokota embe, amemwona dada yake akisukwa nywele kivulini. Hayo yote hakuyachora, kwa kuwa hakuna picha iliyowahi kumwambia kwamba yanafaa kuchorwa. Akikua atakuwa diwani, mhandisi wa barabara au mpimaji wa viwanja. Tunategemea atauhurumia mti gani?

Tuanze na ukuta

Waswahili walisema penye miti hapana wajenzi, na kwa wachoraji wetu methali hiyo imetimia. Picha zimo, wachoraji wamo, wanunuzi ndio hawapo. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, na wachoraji wa Tingatinga wako Oysterbay. Kampala kuna jumba la sanaa la Makerere. Wanafunzi wa sanaa wanaomaliza vyuo kila mwaka wanarudi kuuza vocha na kuandika mabango ya saluni. Picha ndogo ya mmoja wao si lazima igharimu kuliko ile fremu kubwa ya dhahabu unayolipia kwa machinga kwa awamu.

Walimu wana nafasi ambayo hata serikali haina. Mtoeni mtoto darasani, mketisheni chini ya mti wa shule, mwambieni achore mti ule pamoja na kila mtu aliye chini yake. Halmashauri zinazojenga vituo vya afya na masoko ziache kuta zile tupu kwa wachoraji wa wilaya husika, kama kanisa la Murang'a lilivyomfanyia Njau akiwa bado kijana. Nayo Makumbusho ya Taifa itengeneze nakala nzuri za kazi za Ntiro, zichapishwe kwa bei ya mwananchi, ziuzwe Moshi kwenye stendi ya mabasi mwezi wa Desemba. Nakala hizo zitanunuliwa. Mtu anayerudi mjini na mkungu wa ndizi kwenye buti la gari hatashindwa kuongeza picha ya mahali mkungu ulipotoka.

Na wewe msomaji, kama mwezi ujao una harusi ya kwenda, acha seti ya sita ya vikombe. Mtafute mchoraji wa mji wako, mwambie mahali maharusi walipokulia, mwombe achore mti wa pale. Kisha mwambie asisahau kuwachora watu chini yake.